Pembe Nne za Nyumba

Mchezaji wa bao hahitaji kuelezwa nyumba ni nini. Katika mashimo 32 ya bao la Kiswahili, 30 ni ya duara, na mawili, moja kwa kila upande, huchongwa mraba. Hilo la mraba ndilo nyumba. Humo hulala kete 6 mchezo unapoanza, mbili-mbili hukaa katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizosalia humngoja mwenyewe azitie moja moja katika namua. Wachezaji wa Makunduchi na wa Mombasa wanaweza kubishana juu ya mengi, lakini si juu ya pembe za nyumba.

Mashine ya kuchongea haiwezi kuzitoa pembe hizo. Kisu chake huzunguka, na kitu kizungukacho hakiachi pembe kali. Hata kikiwa chembamba kama njiti ya kiberiti, katika kila kona huacha mviringo wa nusu ya unene wake. Jambo hili dogo, ambalo seremala mwenye patasi hata halimpitii akilini, lilimnyima usingizi fundi mmoja wa Mbinga, na chanzo chake kilikuwa bao lililopasuka.

Bao lilikuwa la mjomba wake, mzee wa Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay. Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen, kwa jiwe la ufukweni lililowakumbusha sanamu ya Misri, na ni hapo, Agosti 1914, ambapo meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo na kuiharibu. Ziwa lenyewe huitwa Nyasa, neno ambalo katika lugha za huko maana yake ni ziwa. Kwa hiyo anayesema Ziwa Nyasa amesema ziwa mara mbili, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Ujanani mzee huyo alikwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa Songea, walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa kwa namba yake. Hakurudi na mali ya kutajika. Alirudi na bao kichwani, na nyumba yake ya mraba, kama alivyoliona likichezwa huko pwani; na kwa kuwa kazi yake nyumbani ilikuwa kuchonga mitumbwi, alichukua ubao wa mninga na tezo ileile na patasi ileile akalitoa kichwani akaliweka chini ya mwembe. Lilichezewa hapo zaidi ya miaka 40. Kisha msimu mmoja likasahauliwa nje, likanywa mvua ya siku nne, likaanikwa na jua la siku ya tano, likapasuka kwa urefu wa nyuzi zake. Kufikia wakati huo mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, na jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Hakuweza kuchonga jingine.

Mpwa wake hutengeneza redio na simu katika mji wa Mbinga, huko juu kwenye kahawa ya Wamatengo, kilomita 66 hivi za lami kutoka Mbamba Bay. Mashine aliijenga mwenyewe kwa kujifurahisha. Mota alizitoa katika mashine za kunakilia na za kuchapia zilizokufa. Skrubu ndefu ziliagizwa Dar es Salaam zikaja kwa basi. Ya kukatia ni ruta ndogo ya seremala iliyofungwa kwa vyuma vya kitanda. Ubongo wake ni kibao kidogo kinachoendeshwa na Grbl, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwe. Wazo la kukiongoza chuma kwa namba ni la zamani zaidi: mashine ya namna hiyo ilioneshwa hadharani katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, ikilishwa utepe uliotobolewa, na ilikuwa kubwa kama chumba. Kuipunguza hadi itoshe juu ya meza kumekuwa kazi ya watu wa mitaani. Mwaka 2013, mjini Lomé, Kodjo Afate Gnikou alijenga kwa taka za kompyuta mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, na tangu hapo hakuna sababu ya kushangaa kwamba Mbinga nayo ina fundi.

Kwanza alichonga vitu vya kumchekesha mkewe: sinia lenye mashimo ya ngoro kama mashamba ya milimani yanavyoonekana kwa mbali, kibao cha jina mlangoni, kibao kingine cha mtumbwi wa rafiki. Havikumpa ugali.

Mpenzi wa mashairi akiisoma lugha ya mashine hii ataona undugu ambao pengine asingeutarajia. Amri huandikwa mstari kwa mstari: G1 X40 Y25 Z-3, yaani nenda moja kwa moja hadi hapa, ukiwa umezama milimita tatu. G2 ni tao la kufuata saa, G3 ni la kinyume chake. Mota yenyewe haitembei kwa mteremko, hutembea kwa hatua, 200 kwa mzunguko mmoja. Na kwa kuwa skrubu yake husogea milimita 8 kila inapozunguka, hatua 25 hufanya milimita moja. Ni mizani tupu. Tofauti ni kwamba mshairi akipungukiwa na mizani moja, sikio la msikilizaji litamuumbua papo hapo. Mashine ikipoteza hatua haina habari. Haijui iko wapi. Inajua tu imehesabu ngapi, na huendelea na makosa yake kwa utulivu wote hadi mwisho.

Fundi alilipima bao lililopasuka shimo kwa shimo na kugundua kwamba hakuna mawili yaliyolingana. Akaona atamfanyia mjomba hisani. Akayasawazisha yote: upana milimita 58, kina milimita 24. Kitanda cha mashine kilikuwa kifupi kuliko bao, ikabidi achonge nusu, auvute ubao, achonge nusu ya pili. Alipomaliza akashuka nalo ziwani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Lete nilione."

Mzee hakulitazama. Alifumba hata lile jicho zima, akapitisha kidole cha shahada shimo hadi shimo, mstari wa mbele, kisha wa nyuma.

"Mashimo haya yamezaliwa siku moja," akasema. Kisha akarudi kwenye shimo la mwisho, kichwa. "Hapa pamekuwa finyu. Kete zikijaa, vidole vitaingilia wapi?"

Ndipo mpwa alipofahamu kwamba katika bao la zamani vichwa na vimbi vilikuwa vipana kwa makusudi, na kwamba kuta zote zililazwa kidogo upande wa mchezaji ili kete zipande mkononi bila kuchokolewa. Alikuwa ameifuta elimu ya mtu akidhani anafuta makosa. Hata hivyo si kila kisicho sawa ni hekima, na wanaoziabudu kazi za mikono wangefaa kumsikia mzee alipoulizwa juu ya shimo la tatu la nyuma, lililokuwa na mbonyeo wa ajabu. "Hilo nilikosea. Ubao ulikuwa na fundo." Alipoulizwa kama lirekebishwe, alikataa. "Liache. Wanaocheza nami wamelizoea."

Safari ya pili fundi hakusawazisha kitu. Kila shimo lilipata namba zake, na kisu bapa kikabadilishwa kwa chenye ncha ya mviringo. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018 na hali ni nafuu kuliko enzi za majenereta, lakini siku hiyo ulikatika shimo la 19 likiwa katikati. Uliporudi, mashine ikaamini kwamba hapo iliposimama ndipo mwanzo wa dunia. Kabla hajawahi kuizima, ilikuwa imepasua mfereji wa urefu wa kidole katika ukingo uliokwisha kulainishwa.

Nyumba ndizo zilizobaki. Alijaribu kisu chembamba zaidi, kikavunjika. Kisu chenye ncha kama herufi V hutoa pembe safi katika maandishi, kwa kuwa hupanda polepole kadiri kona inavyobana, lakini hakiwezi kuacha sakafu tambarare na kuta zilizosimama. Wapo wanaochimba kona kupita mpaka wake ili ionekane kama masikio. Katika kabati inafaa, katika nyumba ya bao ni aibu. Wakazi wa visiwani wameiona hali hii katika milango ya siku hizi ichongwayo kwa mashine: ua ni zuri, limejirudia bila kuchoka, na kila kona yake ya ndani imechoka kwa namna ileile.

Akashuka tena Liuli na bao lisilokamilika. Mzee akatoa patasi yake ndani ya kitambaa. Alijaribu kuisimamisha kwenye pembe ya kwanza, mkono ukakataa, akampa mpwa wake bila neno. Yeye akakaa kando, mgongo kwenye mwembe, akisikiliza.

"Geuza. Unapingana na nyuzi, mti unalia."

Akageuza.

"Sasa pungua. Usipige, sukuma."

Mashimo 32 yalikuwa yamechukua mashine siku moja na nusu. Pembe 8 zilichukua alasiri nzima. Saba zilitoka vizuri. Ya nane ilibanduka ukingoni, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, na fundi akaiweka patasi chini kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

Mzee akaipapasa pembe hiyo, kisha akautafuta ule mfereji wa umeme uliokatika, akaukuta ubavuni pa upande uleule. Akaligeuza bao, upande wenye majeraha ukaja kwake.

"Mimi nitakaa huku."

Wakamimina komwe za zamani. Walicheza michezo mitatu kabla wavuvi wa dagaa hawajawasha taa zao ziwani. Mzee alishinda miwili. Wa tatu ulivunjwa na mvua, na kitu cha kwanza kuingizwa ndani kilikuwa bao.