Nyimbo Nne Bila Kuruka

Wasee, leo sina maoni kuhusu siasa. Leo ni muziki, ingawa siasa itapita hapo katikati, mtaona.

Simu yangu ina nyimbo 600 na kitu. Si za kusikilizia mtandaoni, ni za kwangu kabisa, ziko ndani ya memori kadi. Nusu nilikusanya mwenyewe, nusu nilirithi kutoka kwa kadi ya mzee wangu alipobadilisha simu. Jumapili nikifua nguo nabonyeza kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, na sheria ni moja: hakuna kuruka. Programu za muziki zinakupa kitu kinachofanana na ulichoskiza jana. Memori kadi haikujui wala haikuogopi. Hizi hapa nne za wiki hii.

1. Sina Makosa, Les Wanyika

Lile gitaa likianza tu, hata mtoto wa nasari anajua. Bendi ya Watanzania na Wakenya iliyopiga kambi Nairobi, wimbo wa mwishoni mwa miaka ya 1970, na bado hakuna harusi inayoisha bila huo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni wimbo wa raha tu. Kumbe ni mtu anajitetea mbele ya mwenye hasira! Nilimwelewa vizuri karo iliponishinda chuoni mwaka wa pili. Wajomba waliitisha mkutano, kila mmoja akanifokea kana kwamba nimekula pesa zake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoa shilingi. Tangu siku hiyo hilo gitaa ndilo wakili wangu.

2. Helule Helule, Daudi Kabaka

Huu ni wa mzee. Tuisti ya Nairobi ya miaka ya 1960. Mnajua bendi ya Uingereza inayoitwa The Tremeloes iliuimba upya mwaka 1968, ukaingia kwenye chati za kwao? Hakuna bando, hakuna hashtegi, hakuna mtu wa kuwaomba watu wabonyeze kengele. Mimi naweza kukesha na video moja ikapata watazamaji 90, na kumi kati yao ni mimi mwenyewe. Kabaka hunikumbusha kwamba kitu kizuri kinaweza kutembea bila mwenyewe kukisukuma. Lakini lazima kwanza kiwe kizuri, na hapo ndipo kazi iko.

3. Unbwogable, Gidi Gidi Maji Maji

Neno la Kijaluo lililovishwa Kiingereza mbele na nyuma: asiyetishika. Ulitoka mwaka 2002, NARC wakauchukua kwenye kampeni, na Desemba Kibaki akashinda. Januari 2003 masomo ya msingi yakawa bila karo. Mimi nilizaliwa mwaka huohuo, kwa hivyo niliingia darasa la kwanza nikidhani ni kawaida tu, mtoto huenda shule. Miaka minane mathe hakuulizwa karo. Kwa namna fulani mimi ni mtoto wa huo wimbo. Ndiyo maana siku hizi ukipigwa watu wanaruka, mimi nakaa nikijiuliza: ule mlango uliofunguliwa darasa la kwanza, mbona nilipofika chuoni niliupata umefungwa? Siulizi hivyo kwa uchungu. Nauliza kwa sababu niko na marabiki kibao walioishia palepale nilipoishia, na wengine walikuwa wanapita mitihani kuniliko.

4. Moss Moss, E-Sir na Brenda

Hapa ndipo niliacha kufua.

E-Sir, kijana wa South C, alirap kwa Kiswahili safi hadi walimu hawakuwa na la kusema. Aliaga tarehe 16 Machi 2003 kwenye ajali akirudi Nairobi kutoka Nakuru. Alikuwa na miaka 21. Maisha yangu yote yeye alikuwa msee mkubwa kwenye redio. Sasa mimi niko 22. Nimempita. Kila nikiuskiza huo wimbo naskia mdogo wangu akiimba, na mdogo wangu tayari ana albamu nzima.

Na mos mos maana yake ni polepole. Mathe huniuliza kila mwisho wa mwezi, "Shule utarudi lini?" Huwa namjibu hivyohivyo, mos mos, tunacheka, inaisha. Wiki hii sijaweza kumjibu. Polepole ni neno la mtu aliye na muda, na hakuna aliyewahi kunionyesha wangu umebaki kiasi gani.

Sijui kama nitarudi chuo ama nitanunua kamera ya maana nikaze hapa. Lakini nimefungua mahali pa kuweka akiba, na nusu ya kila shilingi ya video inaenda huko. Ikifika Desemba, nitachagua.

Nanyi jaribuni. Nyimbo nne, bila kuruka. Ule unaokufanya utafute simu haraka uubadilishe, huo ndio uskize hadi mwisho.