Mlango Kwanza, Wati Baadaye

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unataka kubadilisha spika zote nne, kufunga amplifaya na kuweka sabufa, na fungu lako lote ni laki mbili. Nakusihi, hela hiyo iishie kwenye milango miwili ya mbele. Nyuma usiguse kabisa; wewe na abiria wako mnakaa mbele, na spika za nyuma zitaendelea kusindikiza tu kama zilivyo.

Nakubali kwamba spika zilizokuja na gari zibadilishwe. Kwenye Toyota nyingi ndogo za mtumba kutoka Japani utakuta koni ya karatasi, sumaku ndogo, na fremu ya plastiki iliyopigwa riveti kwenye bati. Jua na unyevu wa miaka vinaidhoofisha karatasi hiyo, ikaanza kukwaruza. Lakini spika haipigi peke yake. Koni inaposukuma hewa mbele, mgongo wake unavuta. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana zinauana, na kinachokufa kwanza ni sauti nzito, yaani hiyo hiyo besi unayoililia. Sasa uvue mlango wako bodi uutazame: bati la ndani lina matundu makubwa ya kumwezesha fundi kufikia mashine ya kioo, na juu yake imebandikwa nailoni nyepesi. Ukifunga spika ya gharama hapo, besi yake itavujia humo humo. Yazibe matundu hayo kwa mikeka ya lami yenye mgongo wa alumini, uweke pete ya plaiwudi iliyopakwa rangi kati ya spika na bati isiyoacha upenyo, na mlango utakuwa umegeuka boksi la spika. Vijitundu vya chini kabisa viache wazi, maana maji ya mvua yanayopita ubavuni mwa kioo hutokea huko. Theluthi ya fungu lako naiweka kwenye kazi hii, ingawa ukishaifunika bodi hakuna atakayeiona.

Utaniambia muuzaji amekuonyesha boksi lililoandikwa wati 300. Tafuta namba ndogo iliyoandikwa RMS; hiyo ndiyo spika inayoimudu kwa muda mrefu. Tena, redio ya gari isiyo na amplifaya, hata ikiandikwa 50 mara 4, inatoa sauti safi ya wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika, kwa kuwa umeme wa gari ni volti 12 hadi 14 na ushee. Hizo wati 300 zitalishwa na nini? Badala yake angalia wepesi wa spika kutoa sauti, unaoandikwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai nguvu maradufu: spika ya 92 ikipewa wati 15 inalia sawa na ya 89 iliyopewa 30. Ukichagua ile nyepesi, umeokoa bei ya amplifaya.

Hoja yako ya sabufa ni nzito zaidi, wala siipuuzi. Spika ya inchi sita na nusu haiwezi kushuka chini kama ya inchi kumi na mbili. Lakini wewe ni mtu wa rumba na taarabu, na humo mwimbaji, magita na fidla vyote viko juu ya eneo la sabufa. Hata gita la besi, ambalo uzi wake mnene unalia kwa hezi 41, sikio hulitambua zaidi kwa milio iliyo juu ya hapo. Sabufa juu ya spika mbovu itakuongezea kishindo, na maneno ya mwimbaji yatazidi kuzama. Isubiri mwakani.

Siku ya kazi, shusha kioo hadi mwisho kabla ya kukaza skrubu, usije ukakuta sumaku imekizuia. Waya za gari zisikatwe; nunua soketi za kuunganishia. Kisha chukua betri ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, uigusishe kwenye waya za kila spika kwa nukta moja: chanya kwa chanya, koni lazima itoke nje. Ikitoka upande mmoja na kuingia mwingine, milango yako itauana besi kama ile hewa niliyokueleza. Usimruhusu fundi arudishe bodi mpaka umejaribu pande zote mbili.

Nisalimie sana dada yangu.

Mjomba wako