Kitanda Kimoja Mlimani Fuji

Tangu niweke ile picha ya Mlima Fuji, wengi mmeniuliza mambo mawili: kama kulikuwa na baridi, na tulilala wapi. Baridi ilikuwepo, hata Agosti. Hilo la kulala ndilo limekaa moyoni mwangu, kwa hivyo leo naliandika.

Fuji una mita 3,776. Mlima wetu unaupita kwa mbali, Point Lenana pekee ni mita 4,985. Lakini Wajapani na wageni hupanda Fuji kwa wingi sana katika miezi michache ya kiangazi, na wengine walikuwa wakipanda usiku kucha bila kupumzika ili wawahi jua likichomoza. Watu wakaugua kwa uhaba wa hewa, wengine wakajilaza kando ya njia kwenye baridi. Ndipo mwaka 2024 mkoa wa Yamanashi ukaweka geti kwenye njia ya Yoshida, pale kituo cha tano mabasi yanapofika. Nilipokwenda mwaka 2025 ada ilikuwa yen 4,000, na geti lilifungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa tisa usiku. Ukichelewa, hupiti isipokuwa umebuki kitanda kwenye nyumba za wapandaji zilizo huko juu.

Ndugu mmoja Mkenya anayefanya kazi Tokyo, mwenyeji wangu wiki ile ya huduma, alikuwa amebuki vitanda viwili tangu Mei, chake na changu. Kila kimoja kilipita yen 10,000. Msidhani ni hoteli! Ni nafasi ya upana wa mwili wako, mmelala mkibanana kama dagaa. Hakuna kuoga kwa sababu maji ni haba, na choo unalipia.

Tulifika getini saa tisa alasiri. Kijana mmoja wa ushirika wao, mwanafunzi, alikuwa amejiunga nasi asubuhi hiyo bila kitanda. Masomo yake yalikuwa yamekwisha na tiketi ya kurudi nyumbani ilikuwa ya Jumatatu. Miaka minne alikuwa akiuona mlima ule kwa mbali tu. Mlinzi akainama kwa heshima, akamkatalia. Kijana akanigeukia: "Pasta, omba. Mungu hufungua milango."

Naamini Mungu hufungua milango, nimelihubiri hilo miaka mingi. Lakini geti lile liliwekwa ili watu wasife, na sikuona namna ya kumwomba Mungu ampofushe mlinzi. Nilikuwa bado natafuta la kumjibu ndugu mwenyeji alipotoa simu, akaipigia ile nyumba, akaongea Kijapani huku akiinamainama kana kwamba wanamwona. Kisha akamwambia kijana, "Jina lako limeandikwa badala ya langu. Nenda na Pasta." Akavua koti lake zito akampa, akaenda kutafuta basi la kurudi Tokyo.

Tulilala kituo cha saba. Kijana aliumwa kichwa vibaya. Alikula kijiko kimoja cha wali, akaanguka usingizi. Nilimtazama nikawaza: huyu angekuwa nje sasa, gizani, anapanda. Nimesoma Yohana 14 kwenye matanga mengi, na kila mara watu huniuliza juu ya yale makao. Usiku ule makao sikuyawaza sana. Nilimwaza anayekwenda kuandaa.

Saa sita usiku tuliamka. Kichwa chake kilikuwa kimepoa, tukapanda polepole, na jua likatupata karibu na kilele. Alimtumia ndugu picha. Jibu lilikuja: "Amina! Niko kwenye treni, naenda kazini."

Mnaopanga kwenda, bukini miezi kadhaa kabla, hasa kwa wikendi, na mbebe sarafu za yen 100 za choo. Halafu, lile koti kijana aliniletea ofisini Jumapili. Kama kuna mpendwa anayesafiri kwenda Tokyo hivi karibuni, tafadhali anione baada ya ibada.