Maji Yatokayo Mwituni

Vilima vya Shimba viko Kwale, kusini-magharibi ya Mombasa, navyo vyapita mita 400 juu ya bahari. Nchi hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ndiyo makao ya palahala, mnyama asiyeonekana mwituni penginepo katika Kenya.

Tulipanda huko pamoja na askari wa hifadhi, kwa sababu ya ndovu. Kwanza tulipita katika majani makavu, jua likatuunguza sana. Kisha tukaingia mwituni, na hewa ikawa ya baridi. Tuliinama tukashika udongo: ulikuwa mbichi, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Majani yaliyooza huyapokea maji ya mvua, na ardhi huyaachilia polepole hata yatokee chemchemini. Maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha mita 21, nayo yamo katika mwitu huo.

Tulipotokea mahali paitwapo Giriama Point, tukaiona Bahari ya Hindi, na nchi ya pwani chini yetu. Mmoja wetu akasema, "Maji yote yale, wala hayanyweki!" Naam, ni kweli. Lakini maji ya chemchemi ya Marere, katika vilima hivyo hivyo, hupelekwa kwa mabomba hata Mombasa.

Basi wako wasemao kwamba mwitu ni shamba lililopotea bure. Na wajiulize kwanza: maji ya mtungini mwao yametoka wapi?