Siku sita na kafi moja: Utete hadi Nyamisati

Wengi wetu hapa mjini tunaujua mto Rufiji kwa kuuchungulia dirishani kwenye basi la Lindi au Mtwara. Gari linapanda daraja la Mkapa, zile mita 970 zinakwisha kabla hujamaliza karanga zako, habari imeishia hapo. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 abiria walisubiri kivuko pale Ndundu, na maji yakizidi walisubiri hasa! Walau wao mto waliuona.

Mimi nilitaka kupita chini ya daraja, siyo juu. Basi Septemba 2024, maji yakiwa yamepungua, nikashuka peke yangu na mtumbwi kutoka Utete mpaka Nyamisati, kule zinakotoka boti za Mafia. Siku sita za kupiga kafi. Mtu wa huko angecheka, maana yeye hatumii siku zote hizo.

Nikisema peke yangu, msomaji, usinielewe vibaya. Hela ya chakula walichanga washikaji wa Temeke, wengine buku mbili, wengine tano. Mmoja alinipa chandarua chake mwenyewe, sijui yeye alilalia nini wiki hiyo. Na mtumbwi ni wa jamaa niliyesoma naye sekondari ambaye sasa ni mvuvi Utete. Mtumbwi kwake ndio jembe. Ukiondoka wiki nzima, wiki nzima hakuna kambale wala perege wa kuuza, na nyumbani kuna watoto wawili wanaotaka uji. "Nenda bwana, utaurudisha," alisema, kama anakuazima baiskeli ya kwenda dukani. Sentensi hiyo ilikuwa nzito kuliko mzigo wote niliopakia.

Alinifundisha jioni nzima. Viboko: gonga ubavu wa mtumbwi ukikaribia kona, wakusikie mapema, na usikae kati yao na maji ya kina, maana huko ndiko wanakokimbilia. Mamba: maji chota ukiwa ndani ya chombo, usichutame ukingoni kama unaosha vyombo kwenu. Na usiku usisafiri. Siku ya pili niliona vichwa tisa vya viboko vimejipanga kama mawe. Niligonga ubavu mpaka vidole vikauma. Vichwa vinne vikazama. Hapo ndipo shida ilipo, kwani kiboko unayemwona si tatizo! Nilijibanza kwenye maji ya chini karibu na fungu la mchanga, nikaburuta mtumbwi kwa miguu sehemu nyingine, roho mkononi, nikiwaza siyo mimi tu bali pia chombo cha watu.

Chini ya daraja nilipita saa nne asubuhi. Malori yalikuwa yananguruma juu, mimi chini nakula muhogo wa kuchoma. Raha yake sina maneno.

Baada ya hapo bonde linapanuka. Huko watu hulima mpunga, na shambani hujenga madungu, vibanda vya kupanda kwa ngazi, wapate kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Jioni ya siku ya tatu bibi mmoja aliniita kutoka juu ya dungu lake. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, unakwenda wapi na jua lishazama?" Nilipomwambia Nyamisati alicheka mpaka akakaa chini. Akanipikia wali na samaki mkavu, nikala kama niliyetumwa kumaliza chungu.

Ni baadaye, tukiota moto, ndipo aliponieleza habari za Aprili ya mwaka ule ule. Mafuriko yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti yalichukua mpunga wake wote ukiwa shambani. Ule niliokula ulikuwa wa kununua, wa kupima kwa kopo. Nilitoa hela ya washikaji. Akanitazama kwa namna ambayo niliirudisha mfukoni haraka sana. "Mgeni halipi wali," alisema. Asubuhi nilimwachia sabuni na sukari chini ya ngazi, nikaondoka kabla hajaamka. Mpaka leo sijui kama alifurahi au alichukia.

Delta ni mambo mengine kabisa. Mto unagawanyika, mikoko kila upande, kila njia inafanana na mwenzake. Ndiyo maana manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, na ilichukua hadi Julai 1915 kumalizwa. Mimi nilimalizwa na maji kujaa. Unapiga kafi saa nzima, ukitazama mkoko ulioanzia, uko pale pale! Wavuvi wa kamba walinipigia mluzi, wakanifungia kwenye chombo chao mpaka maji yalipogeuka, kisha wakaniachia. Maji yakipwa yanakubeba kama mtoto mgongoni.

Nyamisati nilifika na malengelenge mikono yote miwili. Mtumbwi ulikuwa mzima, lakini haujarudi, na kupandisha mto kwa kafi sikuweza hata kidogo. Nikapiga simu Temeke. Ndani ya nusu saa hela ya mafuta ikaingia kwenye simu, na mwenye boti ya injini anayepandisha mto akakubali kuuvuta, kwa nusu ya bei, aliposikia ni wa nani.

Siku tatu baadaye jamaa wa Utete akanipigia. Mtumbwi umefika, usiku ule ule kaingia mtoni, kapata kambale wanane. Akauliza mimi vipi, mikono imepona?