Namba Iliyo Mezani

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika kupanga mambo ambayo mwanafunzi hatambui kwamba yamepangwa: jaribio lipi litangulie, uzi uwe na urefu gani, saa ngapi ziwe za kupima na ngapi za kufikiri, alama zitolewe kwa lipi. Kozi ya maabara ya fizikia ya mwaka wa kwanza huhesabiwa kuwa kazi ndogo katika idara. Hukabidhiwa mhadhiri mchanga pamoja na funguo za makabati na mwongozo uliotolewa nakala mara nyingi hata michoro yake imefifia. Mimi niliipokea hivyo hivyo, na sikuiacha tena. Nikitakiwa nieleze nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo, jibu langu ni fupi: nilikuwa najaribu kuitoa maabara katika utawala wa namba ya kitabuni. Maelezo ya jibu hilo ndiyo marefu.

Tuchukue mchapuko wa graviti. Mwanafunzi wa kwetu huingia chuo kikuu akiijua g kama anavyolijua jina la baba yake: ni 9.81, au 10 pale mtihani unapotaka hesabu nyepesi. Lakini Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na katika usawa wa bahari, g ni takriban 9.78. Nairobi iko karibu zaidi na ikweta, tena imeinuka mita zipatazo 1,700, kwa hiyo huko hushuka kidogo zaidi, kama 9.775. Hiyo 9.81 ni namba ya latitudo za Ulaya, na ile 9.80665 iliyopitishwa kimataifa mwaka 1901 ni makubaliano ya wapimaji, haikuchukuliwa kwa ajili ya meza ya mtu fulani. Sababu ya g kutofautiana hivyo si siri: dunia inazunguka, na imetuna katikati. Mwaka 1672 Jean Richer alifika Cayenne, karibu na ikweta, na saa ya pendulamu iliyokuwa ikienda sawa Paris, akakuta inachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku, ikambidi aifupishe pendulamu. Sasa mwanafunzi wa Dar es Salaam anayeandika 9.81 kwenye ripoti na kupewa alama zote, ama kipimo chake kina kosa ambalo hakuliona, ama amepika namba. Na mwenzake aliyepata 9.78, akapigiwa mstari mwekundu na kuandikiwa kwamba amekosea kwa asilimia 0.3, huyo ndiye aliyepima.

Je, anaweza kweli kuzitofautisha namba hizo mbili kwa uzi na kipande cha chuma? Swali hili moja, nilikuja kuamini, linatosha kujenga nusu ya kozi. Pendulamu ya mita moja hubembea, kwenda na kurudi, kwa sekunde 2.009 ikiwa g ni 9.78, na kwa sekunde 2.006 ikiwa ni 9.81. Tofauti ni sehemu tatu za elfu za sekunde, wakati kidole cha mtu kinachobonyeza saa hukosea kwa sehemu moja au mbili za kumi. Mwongozo wa zamani ulimwambia apime mabembeo kumi. Kwa mabembeo kumi tofauti inayotafutwa ni 0.03 ya sekunde, maana yake imezama kabisa ndani ya kosa la kidole. Kwa hamsini inakuwa 0.15, inaanza kuchungulia. Kwa mia, kipimo kikirudiwa mara kadhaa, inaonekana. Urefu nao una madai yake: kukosea milimita tatu katika mita ni sawasawa na kuhama kutoka Dar es Salaam hadi Ulaya, na uzi wa pamba hurefuka ukivutwa, na katikati ya kile kipande cha chuma hapaonekani kwa macho. Kisha ipo pembe. Fomula inayofundishwa darasani ni ya pembe ndogo. Ukiachia pendulamu kutoka nyuzi 10, muda wa bembeo huongezeka kwa asilimia 0.19, na g unayoikokotoa hupungua mara mbili ya hapo, hata ikafika karibu 9.74. Yaani kosa linalotokana na fomula yenyewe ni kubwa kuliko tofauti tunayoitafuta. Mwanafunzi aliyeyafikia haya ameona kwamba fomula ina mipaka, na ameiona kwa saa iliyo mkononi mwake. Hakuambiwa na mtu.

Mwongozo wa zamani haukumfikisha huko kwa sababu haukuwa na haja ya kumfikisha. Kichwa cha kila jaribio kilianza na neno “kuthibitisha”: kuthibitisha sheria ya Ohm, kuthibitisha sheria ya Hooke, kuthibitisha g. Jambo lililokwisha kuthibitishwa kwa karne mbili au tatu halingojei hukumu ya kijana wa miaka ishirini, naye analijua hilo. Anachofanya ni cha busara kabisa kwa mtu aliyewekwa mahali hapo: anatafuta ripoti ya mwaka jana. Madesa ya maabara, yaani ripoti za kunakili, huzunguka mabwenini kwa sababu tumeyatengenezea soko. Kurekebisha namba ili ifanane na ya kitabu wanafunzi hukuita kupika data, na neno ni zuri, maana mpishi huonja na kuongeza chumvi mpaka chakula kifanane na kile anachokijua. Tukitaka asipike, kumhubiria uaminifu hakutasaidia sana maadamu alama zinatolewa kwa ladha.

Hapa Tanzania tunao mfano wetu. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari huko Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu, uliowekwa kwenye friza ungali moto, umeganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Baadaye, akiwa shuleni Mkwawa, alimuuliza kuhusu jambo hilo Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuoni Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja. Wengi humkumbuka mwalimu wa sekondari aliyemcheka kijana. Mimi humfikiria zaidi fundi sanifu anayetajwa katika makala hiyo, ambaye Osborne alimwagiza akapime. Alirudi akasema maji ya moto yametangulia kuganda, ila yeye ataendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi. Fundi huyo hakuwa mvivu wala mwongo. Alikuwa zao safi la maabara zinazojua jibu mapema. Hata hivyo hadithi haiishii kwenye ushindi wa kijana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha uchunguzi ambao haukupata ushahidi wa kutosha wa jambo hilo, wakaonyesha kwamba tofauti ndogo tu ya kimo cha kipimajoto inaweza kuleta matokeo ya kupotosha. Kwa anayepanga kozi, sehemu hii ya pili ina thamani kama ya kwanza. Aliyeshikilia jibu la kitabu na anayeshangilia jibu la kushangaza wanakutana kwenye swali lile lile: kipimajoto kiliwekwa wapi?

Pingamizi la kwanza, ambalo nimelisikia katika kila kikao cha idara, ni kwamba maabara ipo ili kuimarisha nadharia. Mwanafunzi akiona kwa macho yake, ataelewa. Kwa muda mrefu hata mimi sikuwa na la kujibu zaidi ya hisia. Mwaka 2017 Natasha Holmes na wenzake, akiwemo Carl Wieman mwenye Tuzo ya Nobel ya fizikia, walichapisha utafiti wa kozi tisa katika vyuo vitatu vya Marekani ambako maabara ilikuwa ya hiari. Waliangalia maswali ya mtihani yaliyohusu mada zilizofanyiwa majaribio. Wanafunzi waliosoma maabara hawakuonyesha faida inayopimika juu ya wale ambao hawakuisoma. Wapo wanaosema Marekani si kwetu. Ni kweli, lakini hoja hiyo inawageukia wenyewe: ikiwa maabara zenye kila kifaa hazikuweza kuimarisha nadharia kwa njia ya kuithibitisha, zetu zenye voltimita mbili zinazofanya kazi kati ya sita zitaiimarisha kwa nguvu gani? Miaka miwili kabla, Holmes, Wieman na Doug Bonn walikuwa wameonyesha upande wa pili, tena kwa pendulamu. Wanafunzi waliozoeshwa kulinganisha vipimo viwili, kuamua kama kweli vinatofautiana, kisha kuboresha njia yao, walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi ya wenzao wa kupendekeza au kufanya mabadiliko bila kuambiwa. Maabara inafundisha kitu. Ila kitu chenyewe sicho tulichokuwa tukidai.

Karibu zaidi na sisi, Saalih Allie na Andy Buffler wa Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na Fred Lubben na Bob Campbell wa York, Uingereza, walichunguza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanafikiri nini wanapopima. Waligundua namna mbili za kufikiri. Wa namna ya kwanza huona kila kipimo ni nukta inayosimama peke yake, na moja kati ya hizo inaweza kuwa ndiyo yenyewe. Akirudia kupima, anarudia ili mkono uzoee, au mpaka namba ijitokeze mara mbili. Wa namna ya pili huona vipimo kuwa kundi, lenye wastani na mtawanyiko, na hakuna hata kimoja ndani yake chenye haki ya kuitwa kweli. Jambo la kusikitisha ni kwamba mtu wa nukta anaweza kukokotoa wastani na mkengeuko sanifu bila kosa, kwa sababu ameambiwa akokotoe, na akabaki mtu wa nukta. Utafiti huo ndio uliobadilisha zaidi upangaji wangu. Nilikuwa nikitumia wiki mbili za mwanzo kufundisha fomula za makosa. Nikaziondoa zote, nikaweka badala yake swali moja: makundi mawili ya vipimo haya hapa, yanakubaliana au hayakubaliani, na umejuaje?

Watu huleta pia pingamizi la idadi. Wanafunzi mia mbili, meza kumi, vifaa vya kugawana kwa zamu. Ratiba ya zamu ndiyo inayomfikisha mwanafunzi kwenye jaribio la lenzi kabla hajasikia neno lenzi darasani, naye afanye nini ila kufuata mwongozo kama maelekezo ya dawa? Nilichokiona polepole ni kwamba wingi ni tatizo pale tu kifaa kinapokuwa cha ghali. Uzi, nati ya chuma, rula ya mita na saa ya simu vinatosha watu wote kwa siku moja. Na vikundi sitini vikipima g katika jengo moja, ubaoni kunatokea kitu ambacho darasa la watu wanane haliwezi kukipata: mtawanyiko halisi wa vipimo sitini. Unaweza kuuliza kwa nini umejikusanya hapa na si pale, na kwa nini waliotumia mabembeo kumi wametapakaa kuliko waliotumia mia. Mtawanyiko huo haudesiki. Kila kikundi kina uzi wake.

Nao wanaosema anayeanza hawezi kuachiwa peke yake wana haki yao. Mwanafunzi ambaye sekondari aliliona jaribio likichorwa ubaoni hana budi kuonyeshwa namna ya kusoma vernia, na katika hilo nilikuwa mkali kuliko mwongozo wa zamani. Nilichomwachia ni uamuzi mmoja kwa kila kipindi: mabembeo mangapi, au pembe gani, au ni lini aache kurudia. Uamuzi zaidi ya mmoja humzamisha. Pia wahandisi walinikumbusha kwamba kazini namba inayojulikana ni lazima. Mizani hupimwa kwa jiwe lililothibitishwa, na fundi wa maji hawezi kuishi kwa mtawanyiko. Nakubali, na kila muhula tulianza kwa kukagua rula, maana nyingi zilikuwa zimelika ncha. Ila huko ni kukagua kifaa kwa kitu kinachojulikana, na kunatangazwa hivyo. Kumkagua mwanafunzi kwa kitu hicho hicho na kukuita ugunduzi ni jambo jingine.

Gharama ipo, na siifichi. Majaribio kumi na mawili ya mwongozo niliourithi yalibaki matano, kila moja likichukua wiki mbili au tatu, kwa sababu mtu hawezi kuboresha njia yake katika saa tatu ambazo moja huisha kwa kutafuta nyaya. Kwa hiyo wapo waliomaliza mwaka bila kugusa osiloskopu, na walimu wa mwaka wa pili walinilaumu kwa haki. Katika umeme nilifanikiwa nusu. Rezista ni tiifu mno, grafu inanyooka bila mtu kufikiri. Balbu ya tochi ni mwalimu bora, kwa sababu waya wake hupata moto, ukinzani unapanda, na mstari unapinda mbele ya mwanafunzi aliyeahidiwa mstari mnyoofu. Katika mwanga sikupata jaribio la aina hiyo linaloweza kufanywa na watu mia mbili, nikayaacha maelekezo ya zamani yalivyo, na neno “kuthibitisha” likabaki pale.

Kusahihisha kulibaki kugumu kuliko vyote. Msaidizi aliyezoea kulinganisha namba ya ripoti na namba ya kitabu humaliza ripoti kwa dakika mbili, lakini akitakiwa apime kama hoja ya mwanafunzi inabebwa na vipimo vyake, huhitaji kumi, na halipwi zaidi. Nikapunguza ripoti, nikawa nasahihisha daftari la maabara lenyewe papo hapo mezani, pamoja na kile kilichokatwa na kuandikwa upya. Wenzangu wa darasa la nadharia waliendelea kutumia 9.81, na 10 siku za mtihani, nami sikuwaomba wabadilishe. Kwenye ukurasa wa mwisho wa mwongozo, penye jedwali la namba za kudumu, niliiacha kasi ya mwanga na chaji ya elektroni. Mbele ya g niliweka mstari mtupu wa kuandikia, kisha alama ya ±, kisha mstari mwingine.