Kitanda Ndani ya Noah

Mke wangu hajawahi kuugua moyo. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu wa kwetu Isansa, na wengine hadi Mlowo, ambao mpaka leo wanamuuliza anaendeleaje, na kila anapoulizwa hunitazama mimi. Hakuugua moyo, hakupewa rufaa, hakufika Muhimbili. Ugonjwa ule niliutunga mimi, mwalimu mstaafu, nje ya karakana ya fundi seremala, mchana kweupe, bila kulazimishwa na mtu.

Nilistaafu katika ile miaka ya kikokotoo cha asilimia 33, kilichoanza Julai 2022. Wastaafu wenzangu wanajua maana yake: mkupuo uliokuwa ukiuota tangu ujana unaingia ukiwa umekonda, na kilichobaki unaletewa kidogo kidogo kila mwezi. Hata hivyo, kwa kijiji kinachosubiri bei ya kahawa, mstaafu ni mtu mwenye fedha. Benki haijanitumia hata ujumbe, nilikuwa nimeshaombwa ada, mabati, mahari na nauli ya mtu anayetaka kuvuka Tunduma kwenda kutafuta maisha Zambia. Wote niliwapa jibu moja: bado hazijaingia.

Zilikuwa zimeingia. Nilikuwa nimeshalipia Noah kuukuu, rangi ya fedha, injini nzima.

Wazo lenyewe lilitoka kwa mtoto wetu anayeishi Texas. Alitutumia video ya majirani zake, mzee na bibi, wenye gari kubwa lililo na kitanda, jiko na choo humohumo. Wanafunga nyumba, wanaondoka polepole, wanalala mji huu, kesho kutwa mji ule, wananunua mboga kwa mkulima, wanaingia makumbusho ambayo hata wenyeji hawaingii. Alituambia huko wazee wa namna hiyo ni wengi mno. Majira ya baridi maelfu yao hukusanyika jangwani Arizona, kwenye kimji kiitwacho Quartzsite, kama wafugaji waliohamia malisho ya kiangazi. Mama aliirudia ile video mpaka bando likakata. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi tangu unioe sijavuka Mbeya isipokuwa kwa msiba."

Ni kweli tupu. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza wilayani kwetu, na reli ya TAZARA imepita hapo tangu miaka ya 1970. Ameishi miaka yote hiyo akisikia malori na treni za watu wengine. Nikasema basi, kahawa ikishavunwa tunaondoka. Niling'oa viti vya nyuma, nikampelekea seremala wa Mlowo, akapima na kuunda kitanda cha mbao chenye uvungu wa kuweka sufuria, ndoo na mtungi wa gesi wa kilo 6. Kazi safi. Mambo yakaharibikia hapo.

Kwetu gari lenye kitanda ni la mgonjwa au la maiti. La tatu halijaonekana. Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa amekuja sokoni, akaniona, akachungulia ndani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kuna nini nyumbani?"

Ningeweza kumwambia tunakwenda kutembea. Maneno mepesi hayo yalinishinda kuyatoa. Nilijiona kwa macho yake: mtu mzima, watu amewaambia fedha bado, kumbe anamtandikia mkewe godoro ndani ya gari waende kushangaa milima. Mjini watu huita likizo. Kwetu mtu mzima anasafiri kwa msiba, harusi, kesi au ugonjwa, na anarudi mara jambo linapokwisha. Nikasema, "Ni mama. Moyo. Tunampeleka Dar, awe anajinyoosha njiani."

Mzee akavua kofia.

Uongo wa mwalimu ni mbaya kwa sababu una mpangilio. Aliniuliza hospitali ya Vwawa wamesemaje. Nikasema wametupa rufaa ya Mbeya. Na Mbeya? Mbeya wamesema ni Muhimbili tu. Ngazi zote nazijua, kutoka zahanati hadi hospitali ya taifa, nikazipanda moja moja bila kuruka hata moja. Laiti ningeruka, huenda angeshtuka.

Hakuna aliyeshtuka. Ilikuwa Oktoba, watu wamelipwa za kahawa, mikono iko wazi. Siku tatu hazikupita, jioni moja mama akiwa kwa dada yake, wakaja na daftari na bahasha. Shilingi 340,000. Waliimba, wakaomba, wakaniambia nimfikishie mgonjwa pole kwa kuwa hawataki kumsumbua. Nami nilisimama, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema Mungu awazidishie. Walipoondoka nikaisoma orodha. Wengi elfu mbili, elfu tano. Jina la saba lilikuwa la kijana aliyeniomba mkopo wa mabati wiki chache nyuma, nikamwambia bado hazijaingia. Alitoa 10,000. Jirani wa ng'ambo ya barabara akaleta kuku wa supu, amefungwa miguu. Mama alipomkuta nikasema ni zawadi ya safari.

Nitasema na hili, maana ungamo la nusu si ungamo: bahasha sikuigusa mpaka Igawa. Igawa nikajaza mafuta kwa fedha ile, nikijiambia nitafidia kwenye pensheni ya mwezi.

Mama alikuwa ametaka tuanzie Kimondo. Jiwe lile la tani 12 hivi, lililoanguka kutoka angani na kutulia pale Ndolezi, wazungu hupanda ndege kuja kuliona. Nimepeleka wanafunzi huko mara nyingi kwa basi la kukodi. Mke wangu, aliyezaliwa Mbozi, hajawahi kufika. Nilimwambia tutapita wakati wa kurudi. Sababu halisi ni kwamba Kimondo kimejaa watu wanaonifahamu, na mgonjwa wa moyo anayekimbizwa Muhimbili hasimami kupigwa picha na kimondo. Kwa hiyo uongo ulitupangia safari tangu siku ya kwanza. Palipo na wanaotujua tulipita mbio, na tulianza kupumua baada ya kuiacha Uyole.

Kuanzia hapo ilikuwa safari niliyoiwaza. Tulilala Chimala, tukamchinja kuku wa watu, mama akauliza kwa nini sili. Tulisimama chini ya ile barabara ya Matamba yenye kona 57 tukizihesabu, tukabishana, hatukumaliza. Makambako upepo ulimnyang'anya kilemba, akakifukuza akicheka katikati ya wauza viazi. Mafinga tulinunua mahindi ya kuchoma, tukakaa pembeni kutazama malori ya mbao. Hakuna aliyetuharakisha. Nilimwona mke wangu akimsalimu kila mtu, akiuliza bei ya kila kitu, hanunui, anaandika kwenye kidaftari ili akawasimulie wenzake wa kikoba. Nilikiona kile kidaftari, nikajua tatizo linakuja, nikanyamaza.

Likaja Kalenga. Tulikuwa ndani ya makumbusho ya Mkwawa, mbele ya kabati la kioo lenye fuvu lake. Mwongozaji alikuwa akieleza jinsi Mkwawa alivyojiua mwaka 1898 kuliko kutekwa na Wajerumani, jinsi Mkataba wa Versailles wa 1919 ulivyowataka Wajerumani walikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita, na jinsi lilivyofika Kalenga mwaka 1954. Miaka thelathini na mitano kwa kitu cha miezi sita. Nilikuwa nikitikisa kichwa kulaumu wazungu, na bahasha iko garini. Simu ya mama ikaita.

Ni mhasibu wa kikoba, binti mwenye sauti inayosikika hata bila spika. "Shikamoo mama. Pole sana. Madaktari wamesemaje?"

Mama alinyamaza kidogo tu. Alinitazama, akaitazama sakafu, akasema, "Marahaba mwanangu. Tunamshukuru Mungu, naendelea vizuri. Nawashukuruni kwa maombi." Akakata. Akamgeukia mwongozaji, akamwomba aendelee, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza na swali.

Nje, chini ya mwembe, ndipo aliponiuliza, "Naumwa nini?"

"Moyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Mlowo."

Nikamweleza yote, na mzee wa kanisa, na rufaa, na daftari, na kuku. Kwenye kuku alifumba macho.

Kabla ya siku ile, ningeulizwa kosa langu ni lipi, ningetaja fedha. Fedha zinahesabika. Lakini katika ndoa yetu yote sijapata kumsikia mke wangu akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kuwa chakula kimekwisha. Pale Kalenga alisema, bila kujiandaa, kwa kufumba na kufumbua, kwa sababu angesema kweli angenivua nguo mbele ya usharika mzima. Alichagua kuniokoa kabla hata hajajua ananiokoa na nini. Nilimtia mkononi kitu asichowahi kukishika, naye akakishika vizuri kuliko mimi. Hilo ndilo ninaloliungama. Mengine ni hesabu.

Nikamwambia tugeuze. Akasema, "Tukifika kesho, watauliza nani kaniponya upesi hivyo." Tukaendelea.

Tulishuka Kitonga kwa gia ndogo, breki zikinuka, bonde lote liko chini yetu. Mbuyuni tukanunua vitunguu. Mikumi, zile kilomita 50 hivi ambazo barabara inapita ndani ya hifadhi, tembo walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kuhesabu mikunjo ya ngozi. Mama alipiga picha, akaitazama, akaifuta. Nilimwuliza kwa nini. Akasema ampelekee nani? Kidaftari kilikuwa kimebaki Kalenga, kwenye pipa la taka, sikumwona akikitupa. Hakuninunia wala hakugombana. Alipika, alifua, alilala upande wake wa kitanda. Lakini safari ilikuwa imekufa, kwa kuwa nusu ya utamu wa mambo yale ilikuwa ikimngojea Isansa, kwenye mabenchi ya kikoba, wenzake wakisema hebu rudia hapo pa tembo.

Dar hatukufika kabisa. Tuliishia Morogoro, tukakaa siku ambazo mgonjwa wa moyo angestahili kukaa, tukiutazama Uluguru ukiingia na kutoka mawinguni. Ni mlima mzuri. Sikuwahi kuchoshwa na mlima kiasi kile.

Njiani kurudi aliniambia jambo moja: "Kalenga nilikusaidia. Nyumbani sitakusaidia." Na kweli, watu walipomiminika kuja kumpa pole, alikaa sebuleni na khanga yake mabegani, kila aliyemuuliza akajibiwa, "Muulizeni Mwalimu." Nilitapatapa siku mbili. Nikaenda kwa mchungaji nikidhani tutamaliza wawili, kwa sala. Akanisikiliza, akaniambia kuwa waliotoa hawakuwa wawili.

Basi Jumapili, baada ya matangazo, nikasimama. Nilisema kama nilivyosema hapa, kwa ufupi zaidi. Nilitegemea hasira, na hasira ningeiweza. Palikuwa kimya, kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa upande wa vijana mpaka mzee wa kanisa aliposimama. Ni yuleyule wa Mlowo. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sasa Mwalimu, hizi tuziandikeje?"

Nilikuwa nimezileta zote, na zile za Igawa nimefidia. Sikujua kuwa mchango haurudishwi. Nilipopita nyumba kwa nyumba na orodha, wengine waliniona kama niliyekuja kufunga hesabu nao: leo narudisha elfu mbili ya mtu, maana yake kesho kwenye msiba wangu asije? Bibi mmoja alinifungia mlango, si kwa uongo, kwa ile elfu mbili. Wengi walikataa, ikabidi usharika uiweke bahasha kwa mgonjwa atakayefuata. Jirani nilimpelekea kuku wawili, akapokea mmoja. Kijana wa mabati peke yake alichukua zake. Alizihesabu mbele yangu, noti moja ya elfu kumi, akaikunjua na kuitazama pande zote mbili, akauliza Noah niliinunua kiasi gani. Nikamtajia. Akaenda zake. Mabati nilimpa baadaye kwa mkopo, na amelipa kwa wakati, kila mwezi, bila salamu.

Viti vya Noah nimevirudisha, kitanda kiko stoo. Mwaka huu baada ya mavuno wanawake wa kikoba wamenikodi, mafuta juu yao, niwapeleke Kimondo. Mama alikaa kiti cha kati, akawasimulia njia nzima: upepo wa Makambako, Kitonga, tembo, mpaka ile simu ya Kalenga, aliyoigiza sauti zote mbili huku mhasibu mwenyewe akijifunika uso kwa kucheka. Mimi nilishika usukani na kunyamaza. Tulipofika getini walikuwa wamechangishana viingilio vyao, daftari liko wazi, majina yote yametiwa vema. La dereva halikuwemo, nikalipa langu.